Muuguzi Alipwe kwa Ujuzi, Moyo wa Mama Tuuweke Pembeni

Kila ifikapo Mei 12, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, wauguzi wetu huvaa sare zilizopigwa pasi, huwasha mishumaa, hurudia kiapo chao, kisha hukaa kumsikiliza mgeni rasmi. Hotuba inajulikana kabla haijasomwa. Wauguzi ni mama zetu. Uuguzi ni wito. Mungu ndiye atakayewalipa. Baada ya makofi inasomwa risala yenye madai ya mwaka jana na mwaka juzi: posho ya sare, malimbikizo ya mishahara, kupandishwa madaraja, upungufu wa watumishi. Mgeni rasmi anajibu kwamba yamepokelewa na yanafanyiwa kazi.

Kwa muda mrefu nilidhani hotuba na risala ni mambo mawili tofauti. Siku hizi naona kwamba hotuba ndiyo inayoiua risala. Mtu tukishasema anafanya kazi kwa sababu ya moyo wake, tumeshajiondolea wajibu wa kuuliza amesoma miaka mingapi, analala saa ngapi na anaamua mambo mazito kiasi gani peke yake usiku. Na moyo huo tumeupa jinsia. Tunaamini mwanamke anazaliwa nao, hakuna chuo kilichompa, kwa hiyo hakuna anayedaiwa chochote. Imani hiyo ni changa kuliko tunavyofikiri, hasa huku kwetu, na inatugharimu.

Tuanze na historia, kwa sababu inashangaza. Katika Tanganyika ya miaka ya 1920, mtu aliyekufunga kidonda, aliyekuchoma sindano na kukupa kwinini kijijini alikuwa mwanamume. Aliitwa dresa. Alifundishwa kwenye hospitali ya wilaya, akarudishwa kwao kuendesha zahanati ndogo iliyolipiwa na serikali ya wenyeji. Hospitalini pia, wanaume ndio waliokuwa wakiosha wagonjwa, wakibeba machela na kukesha wodini chini ya masista wachache wa Kizungu. Sababu ilikuwa rahisi: aliyejua kusoma alikuwa mvulana, maana shule zilijengwa kwa ajili yake. Hakuna aliyesimama wakati huo kusema kwamba uuguzi unahitaji moyo wa mama. Kazi ilikuwa ya mshahara, na kazi ya mshahara ilikuwa ya mwanamume.

Mabaki ya historia hiyo bado yanaonekana. Shirika la Afya Duniani lilihesabu mwaka 2020 kwamba dunia ina wauguzi milioni 27.9, na katika kila kumi, tisa ni wanawake. Lakini uchambuzi wa shirika hilohilo wa mwaka 2019, uliohusu nchi 104, uliikuta Afrika ikiwa tofauti: wanaume walikuwa asilimia 35 ya wauguzi. Hiyo si sehemu ndogo. Anayesema mwanamume muuguzi ni kitu kigeni Afrika amesahau tulikotoka.

Wasichana waliingia kupitia misheni kwanza. Uganda, muuguzi wa misheni Katharine Timpson aliyefika Mengo, Kampala, mwishoni mwa karne ya 19, ambaye baadaye aliolewa na daktari Albert Cook, alisimamia mafunzo ya wakunga wa Kiafrika. Nsambya, Mama Kevin Kearney na watawa wake wakafungua mafunzo yao katika miaka ya 1920. Kwetu Tanganyika na jirani zetu Kenya mlango ulifunguka zaidi baada ya vita vya pili vya dunia, shule za wasichana zilipoanza kutoa waliomaliza masomo. Msichana huyo alikuwa na njia mbili mbele yake, ualimu au uuguzi, na uuguzi ndio uliowatisha wazazi. Binti angelala bwenini mbali na nyumbani. Angetoka usiku. Angemwosha mwanamume asiyemjua. Barua nyingi za kukubaliwa chuo zilisababisha vikao vya ukoo.

Na bado walikwenda. Hapa ndipo napenda kukaa kidogo, kwa sababu tunaposimulia habari za ukombozi wa mwanamke wa Afrika Mashariki tunataja majukwaa ya siasa na kuisahau wodi. Muuguzi wa miaka ya 1960 alikuwa na gauni jeupe, mkanda kiunoni, saa iliyobandikwa kifuani ikitazama chini ili mwenye nayo aisome huku ameshika mkono wa mgonjwa. Saa hiyo ilikuwa yake. Mshahara uliandikwa kwa jina lake. Kota ya serikali aliyopewa haikuwa ya baba wala ya mume. Wadogo zake walisomeshwa kwa hundi yake, na katika ukoo ambao mwanamke hakuwa akiulizwa neno, yeye aliulizwa, kwa sababu yeye ndiye aliyetuma fedha na yeye ndiye aliyejua mgonjwa apelekwe wapi. Hakuna azimio la bunge lililomweka pale. Alijiweka mwenyewe kwa kufaulu mtihani.

Lucy Lameck wa Moshi alipita njia hiyo. Alianza mafunzo ya uuguzi mwaka 1950, kisha akaamua hatautumikia mfumo wa kikoloni; akaenda kwenye chama cha ushirika cha Kilimanjaro, baadaye Ruskin College huko Oxford, na Tanganyika ilipopata uhuru alikuwa miongoni mwa wanawake wachache kabisa waliokuwa bungeni, akaja kuwa naibu waziri. Eunice Muringo Kiereini wa Kenya alibaki ndani ya fani, akawa muuguzi mkuu wa nchi yake, na mwaka 1981 akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza Baraza la Wauguzi la Kimataifa, cheo alichokishika hadi 1985.

Kuna tukio jingine ambalo lingestahili kufundishwa shuleni. Uhuru ulipofika Desemba 1961, wauguzi wengi wa Kiingereza walifunga mizigo. Wodi zetu zilikuwa zinabaki bila watu. Mwalimu Nyerere aliomba msaada kwa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, na wauguzi weusi wapatao 20 wakakubali kuja. Aliyesaidia kuwatafuta upande wa kule alikuwa Albertina Sisulu, mwenyewe muuguzi na mkunga wa Johannesburg. Wanawake hao waliacha familia chini ya utawala wa makaburu wakijua kurudi kutakuwa kugumu, wakaja kusimamia hospitali za nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imepata uhuru. Tunajua majina ya wanajeshi waliopitia kambi zetu. Ya wauguzi hao hatuyajui.

Sasa, ikiwa uuguzi ulimwinua mwanamke kiasi hicho, kwa nini leo yuko hapo alipo? Jibu langu ni kwamba fani ilikuja na mzigo ndani yake, na mzigo huo ulifungwa Uingereza. Nightingale alikwenda vitani Crimea mwaka 1854 na wauguzi 38, akarudi akiwa bingwa wa takwimu, na mwaka 1860 akafungua shule katika hospitali ya St Thomas', London. Ni mwanamke aliyeibadilisha dunia. Lakini wauguzi wenzake walipotaka serikali iwasajili kwa mtihani kama madaktari, alipinga. Aliona kwamba sifa kuu ya muuguzi ni tabia, na tabia haipimwi kwa mtihani. Aliyesimama upande wa pili ni Ethel Bedford Fenwick, aliyeanzisha chama mwaka 1887 na kupambana zaidi ya miaka 30. Kwake, suala la wauguzi lilikuwa suala lilelile la haki za wanawake. Sheria ya usajili ilipita Uingereza mwaka 1919, mwaka mmoja tu baada ya wanawake wa huko kupata kura kwa mara ya kwanza, na jina la kwanza kwenye daftari lilikuwa lake.

Fenwick alishinda kwenye sheria. Kwenye vichwa vya watu alishinda Nightingale, na hadi leo anashinda. Tunamsajili muuguzi kwa mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, kisha tunamlipa kwa tabia.

Ingia wodi ya wazazi saa nane usiku uone kinachofanyika. Mama analetwa akiwa na uchungu. Kuanzia hapo muuguzi mkunga anajaza chati inayoitwa patografu: kila nusu saa anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, anaweka kiganja tumboni na kuhesabu uchungu umekuja mara ngapi katika dakika kumi na kila mmoja umedumu sekunde ngapi, kila saa nne anapima njia imefunguka sentimita ngapi, na anapima presha. Mstari kwenye karatasi ukivuka mwingine, ndipo ajue kwamba mambo yanaharibika hata kama mama mwenyewe anacheka. Mtoto akitoka, ndani ya dakika moja mama anachomwa oksitosini yuniti kumi ili asivuje damu. Mtoto asipolia, ndani ya dakika hiyohiyo muuguzi amkaushe, amsugue mgongo, asafishe njia ya hewa na aanze kumpulizia kwa begi na maski. Daktari, kama yupo, yuko nyumbani na simu. Kwenye zahanati hayupo kabisa. Uamuzi wa kuita gari la wagonjwa au kusubiri ni wa mtu mmoja, na huyo mtu mara nyingi ni binti wa miaka 26 mwenye stashahada.

Huo ni moyo wa mama? Ni hesabu, ni saa, ni mikono iliyofundishwa. Na tunajua kwamba kufundishwa ndiko kunakookoa, kwa sababu kulipimwa hapahapa Tanzania. Hospitali nane zilipowafundisha wahudumu wao, wengi wakiwa wakunga, namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua ndani ya dakika hiyo ya kwanza, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Huruma ya wakunga hao haikuongezeka kati ya kabla na baada ya mafunzo. Kilichoongezeka ni ujuzi.

Tazama pia takwimu za nchi nzima. Utafiti wa afya na demografia wa 2015-16 ulikadiria vifo vya wajawazito 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Barabara, magari ya wagonjwa, vituo vipya vya upasuaji vyote vina sehemu yake. Lakini wanawake wanaojifungulia vituoni waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi 81 katika kipindi hicho, na kila mmoja wao alipokelewa na mikono ya mtu. Nilitafuta hotuba iliyosema: hawa ndio walioshusha namba hii, na hiki ndicho tutakachowaongezea. Nilikuta majengo yakisifiwa.

Twende kwenye sheria, kwa sababu ndipo mambo yanapoonekana kwa macho. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto anamweleza kila mzazi amnyonyeshe mwanawe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, bila maji, bila uji. Anasema hivyo kila siku ya kazi. Yeye mwenyewe akijifungua, sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inampa likizo ya siku 84, au 100 akiwa na mapacha. Hazifiki hata miezi mitatu. Anarudi kazini mtoto akiwa bado anashindwa kushikilia shingo vizuri. Sheria hiyohiyo inasema aruhusiwe hadi saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha, na hilo ni jema, ila mwandishi wa kifungu hicho alikuwa akifikiria ofisi. Muuguzi aliye peke yake zamu kwenye zahanati, mama wawili wakiwa kwenye uchungu, atamwachia nani funguo? Anakamua maziwa chooni, anayaacha kwenye chupa, dada wa kazi anampa mtoto kwa kijiko. Kisha asubuhi anawaambia akina mama: miezi sita.

Usiku nao una bei. Sheria inataka anayefanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi aongezwe asilimia tano ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Asilimia tano kwa kukesha, kwa mtoto aliyelala bila mama, kwa njia ya kurudi nyumbani alfajiri. Kenya walikuwa na lao kali zaidi: chini ya sheria ya ajira ya 1976, mwanamke aliyechukua likizo ya uzazi ya miezi miwili alipoteza likizo yake ya mwaka. Kuzaa kulihesabiwa kuwa mapumziko. Ilidumu hadi sheria mpya ya 2007.

Na Kenya ndiko tulikoona kwa uwazi thamani ya kila kada. Madaktari wa serikali waligoma Desemba 2016, wakarudi Machi 2017 baada ya siku 100 wakiwa na makubaliano mkononi. Nchi ilisimama, magazeti yalijaa, viongozi wa mgomo walifungwa na kuachiliwa, na viongozi wa dini wakaitwa kusuluhisha. Juni 5 mwaka huohuo wauguzi waligoma. Walirudi Novemba 2, karibu siku 150 baadaye, na mapema 2019 wengine wakagoma tena katika kaunti kadhaa wakisema walichoahidiwa hakijalipwa. Siku 150 hospitali za umma hazina wauguzi! Najua mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi uliorudiwa na vichwa vya habari vilikuwa vimejaa. Hata hivyo jambo moja haliwezi kufichwa na uchaguzi: wauguzi walipoondoka, wodi zilifungwa hata pale madaktari walipokuwepo. Kama kuondoka kwake kunafunga hospitali, huyo si msaidizi wa mtu.

Msomaji atanikumbusha lugha ya manesi wetu, na ana haki. Nimesikia simulizi za akina mama waliotukanwa wakiwa kitandani, waliopigwa mapajani, walioambiwa wavumilie kama walivyovumilia wakati wa kutunga mimba. Ni ukatili, na haupaswi kutetewa kwa kisingizio cha uchovu. Ila naomba tuangalie namna tunavyohukumu. Daktari akiwa mkali tunasema ana kazi nyingi, ilimradi ametibu. Muuguzi akiwa mkali tunasema si mwanamke kamili, hana utu, hajazaa. Tumemwajiri kama mama, kwa hiyo tunamshtaki kama mama. Hatumpimi kama mtaalamu, na ndiyo maana hatumwajibishi kama mtaalamu: kosa lake linaishia kwenye manung'uniko ya mtaani badala ya kufika kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga lenye mamlaka ya kumsimamisha. Anayependa wagonjwa watendewe vizuri angetaka muuguzi mwenye madaraka na anayewajibika, kuliko malaika asiyehojiwa.

Kuhusu madaraka, Shirika la Afya Duniani linasema wanawake ni karibu asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya na wanashika takriban robo tu ya nafasi za juu za uongozi. Kwetu ngazi ya wilaya yuko muuguzi mkuu, lakini saini ya fedha na kauli ya mwisho iko kwa mganga mkuu. Muuguzi mwenye shahada ya uzamili na miaka 20 ya kuendesha wodi anaweza kuongozwa na daktari aliyemaliza mafunzo kwa vitendo mwaka juzi, katika mambo ya utawala ambayo daktari huyo hakuyasomea popote. Kwenye zahanati nyingi muuguzi anaandika dawa kwa sababu hakuna mwingine wa kuziandika, na siku mambo yakiharibika anaulizwa nani alimruhusu.

Vijana wa kiume nao wanarudi vyuoni kwa wingi, na hilo halinitii hofu. Lipo la kuangalia tu: wasije wakaruka ngazi na kuwa mapatroni, yaani wasimamizi wa wauguzi, huku dada zao wakibaki zamu ya usiku, kwa kuwa mwanamume asiyebeba mzigo wa kulea mtoto nyumbani ana muda wa kuhudhuria kila semina. Fani ikianza kulipa vizuri siku ile tu wanaume watakapojaa ndani yake, itakuwa imethibitisha kila nilichokiandika hapa.

Mabinti wenyewe hawasubiri. Wenye shahada wanafanya mitihani ya kwenda Uingereza, Ghuba na Marekani. Tangu 2021 Kenya ina mkataba na Uingereza wa kupeleka watumishi wa afya. Kule nako watakesha, lakini saa zao zitahesabiwa. Nyumbani mume anabaki na watoto, anajifunza kuchemsha maziwa na kuhudhuria kikao cha wazazi, na ukoo unazoea. Mwanamke huyo amebadilika haraka kuliko ofisi ya utumishi iliyomwajiri.

Sheria inaweza kubadilika pia ikitakwa. Marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2025 yanampa mama aliyejifungua mtoto njiti likizo inayoendelea mpaka wiki 40 za ujauzito zitimie, ndipo likizo ya kawaida ianze. Bunge lilikaa likahesabu wiki za mtoto ambaye hajakomaa, likakubali kuzilipia. Watu waliokuwa wakiwapima watoto hao kila asubuhi, wakiwalisha kwa mrija na kuwafundisha mama zao kuwabeba kifuani ngozi kwa ngozi, wengi wao ni wauguzi ambao wenyewe wana watoto wa miezi mitatu nyumbani. Kifungu cha siku 84 kiko kwenye sheria hiyohiyo. Bajeti ijayo ya Wizara ya Afya iseme ni kwa nini kisiguswe, na iseme zahanati ngapi zitapata muuguzi wa pili wa usiku.